Harambee ya upasuaji wa tezi ya kifuani: shilingi milioni 22 zinakwenda wapi

Ndugu waumini, majirani na marafiki wa hapa Jinja,

Dada yetu wa kwaya, ambaye jina lake tunalihifadhi, anaugua miasthenia gravisi. Kinga ya mwili wake inashambulia pale neva inapokutana na msuli. Asubuhi anaimba, jioni kope zimeanguka na kumeza posho ni kazi. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ndiyo inayochochea ugomvi huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 126, ulionyesha kuwa waliotolewa tezi walipata nguvu zaidi na walihitaji prednisoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kidogo kuliko waliotegemea dawa tu. Hao walipasuliwa kidari. Siku hizi tezi hiyohiyo huweza kutolewa kwa matundu madogo, kwa msaada wa kamera.

Tunatafuta shilingi milioni 22. Kila Jumapili tunaulizwa: matundu matatu ya upana wa kidole yanakulaje pesa zote hizo?

Kwanza, bomba la kupumulia lenye njia mbili, ili pafu moja lilazwe, yaani lisijazwe hewa, na kamera ipate nafasi. Tezi itolewe yote pamoja na mafuta yanayoizunguka, kutoka neva ya freniki ya kulia hadi ya kushoto, kisha itiwe kwenye kifuko ndani ya kifua ndipo ivutwe nje. Neva hiyo ikiungua, kiwambo cha kupumulia hupooza, na kwa mgonjwa ambaye misuli yake ni dhaifu tayari, hilo ni balaa. Vijishipa vya tezi humwaga damu kwenye mshipa mkubwa unaopita nyuma ya sehemu yake ya juu. Mshipa huo ukichanika, kamera huwekwa kando na kidari hupasuliwa papo hapo. Kwa hiyo bajeti ina waya za kufungia mfupa, ambazo tunaomba zirudi stoo bila kuguswa.

Lakini fungu kubwa ni la kabla na baada. Pumzi ikiwa dhaifu, atahitaji kuchujwa plazma (majimaji ya damu) au kupewa imyunoglobulini (kingamwili kutoka kwa wachangia damu) kwanza, na kitanda chenye mashine ya kupumulia lazima kiwe tayari usiku ule. Kumwingiza chumba cha upasuaji kabla hajaandaliwa, eti kwa kuwa pesa ya daktari imetimia, ni kumtafutia matatizo. Ndiyo maana tunaomba ahadi zilipwe wiki mbili kabla. Ahadi ya “nitatuma” haiagizi dawa.

Tusidanganyane pia: vidonge vya pairidostigmini, vinavyoipa misuli nguvu, vitaendelea. Nafuu huja polepole, kwa miezi, pengine miaka, na bajeti imevihesabu.

Michango apokee mweka hazina baada ya ibada, kwa risiti. Asiye na fedha ana damu: atuandikishie jina tupange siku ya kwenda benki ya damu.

Na jamani, anayemwonea huruma asimpelekee dawa za dukani. Antibayotiki kama jentamaisini na siprofloksasini, au sindano ya magnesi, inaweza kumkata pumzi hata kabla ya kufika Kampala kwa upasuaji.