Kabla Hujatia Saini, Njoo Siku Mbili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma zamu ya usiku, wodi imetulia. Nimefurahi umepata kazi Nairobi ya kutengeneza michezo ya simu. Mshahara wenyewe ulinifanya nihesabu sifuri mara mbili. Ila lile swali lako, "Mama, si nitakuwa napoteza elimu yangu?", sijalisahau tangu hapo.

Mjomba wako ameshatoa hukumu: michezo ni upuuzi, mhandisi ajenge madaraja. Mimi simo. Zile ndege zisizo na rubani za Zipline, zinazopeleka damu hospitali za Rwanda tangu 2016, unajua kampuni yao ilianza na nini? Viroboti vya kuchezea, vya kuendesha kwa simu! Halafu mmoja wa waanzilishi akafika Taasisi ya Afya Ifakara, hapa hapa Tanzania, akaonyeshwa majina ya wagonjwa ambao wahudumu wa afya waliwaombea dawa au damu kwa ujumbe wa simu, na njia ya kuwafikishia ikakosekana. Ujuzi alikuwa nao tayari. Ile orodha ndiyo alikuwa hajaiona.

Basi nami nikuonyeshe ya kwangu. Kwenye kona ya wodi kuna mashine ya kuzalisha oksijeni. Ilikuja kama msaada, kibandiko cha wafadhili kipo hadi leo. Ilikufa mwaka wa pili. Fundi umeme aliifungua, akatikisa kichwa, akairudishia skrubu nne kati ya sita. Sasa tumeifunika kanga, tunawekea daftari la zamu. Akija mtoto anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, tunakimbilia mtungi. Mtungi ukiisha, tunapiga simu. Na wewe ndiye uliyeifufua redio ya babu yako ukiwa darasa la tano, kwa kisu cha jikoni.

Sisemi uiache kazi. Mdogo wako bado anasoma, na hata mimi nikiwa kwenye daladala nacheza ule mchezo wa kupanga peremende. Ninalokukataza ni moja, na hapo sina mjadala: wakikuhamishia upande wa kamari, ondoka. Nawaona vijana wa boda hapa kijiweni wanavyoiteketeza hesabu ya bosi kabla jua halijazama.

Njoo siku mbili tu. Uje na zile bisibisi zako ndogo za kwenye kiboksi cha bluu. Kanga nitaitoa mwenyewe.

Mama yako