Mgonjwa wa sukari haombi likizo, anaomba robo saa

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa.

Mimi ni opereta wa mashine kwenye kiwanda kimoja hapa Dar (jina naliacha, bado nakula hapo) na nina sukari, hii ya kuchoma insulini asubuhi na jioni, mwaka wa 9 huu. Juzi kati getini wakati wa sachi mlinzi kafungua begi langu kakuta bomba la sindano. Kanipandisha mikono ya shati anatafuta alama, halafu ananiuliza, "Mzee, na umri huo bado unapiga?" Yaani nishakuwa teja mbele ya foleni nzima ya watu ninaofanya nao kazi! Nikamtolea kadi ya kliniki na kichupa chenyewe, nakifungia kwenye kitambaa cha maji maana ndani kule joto si mchezo na friji iliyopo ni ya ofisini. Akacheka, akaniachia. Ila tangu siku hiyo vijana wananiita mzee wa sindano.

Sasa shida yangu hasa siyo jina. Sukari ikiwa sawa napiga kazi kama mtu yeyote, wengine nawaacha. Balaa ni ikishuka. Ukishachoma lazima ule, chakula kikichelewa ukapima ikasoma chini ya 4 mikono inatetemeka, jasho la baridi, maneno hayaeleweki, anayekuona anasema huyu kalewa. Na dawa yake mara nyingi ni soda nusu chupa tu, au vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, unakaa robo saa unapima tena. Lakini kwetu huachi mashine bila ruhusa ya supavaiza, naye yuko huko upande wa pili. Siku moja nilimfuata akaniambia, "Vumilia mzee, imebaki nusu saa tu muda wa msosi." Mhariri, hiyo nusu saa mimi nimesimama kwenye mashine inayokata, naona mawili mawili! Choo nacho ni hivyo hivyo, sukari ikipanda mkojo haukatiki, wao wanakuhesabia safari.

Naambiwa sheria ipo. Ipo kweli, ile ya ajira ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Tena daktari akithibitisha huwezi kazi ya usiku hawaruhusiwi kukupanga usiku, mimi cheti nilipeleka na wakanitoa, kwa hilo nawashukuru. Ila hizo siku 126 nizifanyie nini mie, siumwi wa kulala! Nataka robo saa, tena siyo kila siku, na kikopo cha sukari karibu na mashine. Wanasema ukimruhusu mmoja wote watajifanya wana sukari, basi si kipimo kipo, mtu atobolewe kidole palepale mbele ya supavaiza, sekunde chache jibu limetoka.

Kwa sasa naficha peremende kwenye ovaroli. Kula kwenye mashine marufuku, ukikamatwa ni barua ya onyo, na moja ninayo tayari.

Opereta, Mbagala, Dar es Salaam