Jumamosi: kupima tope la Sabaki

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi tukutane daraja la Sabaki saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa bado yanakupwa. Tutachota kuanzia hapo hadi mlangoni, mto unapoingia baharini, kisha tungoje maji yajae tuchote tena pale pale. Tofauti ya machoto hayo mawili ndiyo tunayoitafuta.

Kila mtu aje na chupa safi za lita moja zenye vifuniko. Andikeni saa na mahali kabla ya kuchota, kwani chupa ikishalowa wino haushiki.

Tutafanya pia jaribio la gilasi mbili, tope lile lile, moja kwa maji ya mto, nyingine kwa maji ya bahari. Mchanga utazama mara moja kote kuwili. Angalieni ule udongo laini: kwenye chumvi chembe zake hushikana vibonge na kuzama mapema, maji ya juu yakaanza kung'aa, huku ya mto yakibaki mekundu muda mrefu. Ndiyo maana tope hujaa hapo mlangoni.

Udongo wenyewe unatoka mbali, hata mashamba ya Ukambani, mto ukiitwa Athi, halafu Galana. Kaskazi ikivuma huusukuma kusini hadi matumbawe ya Malindi, nayo yanahitaji mwanga ili yaishi. Kwa hiyo msimu huo lazima turudie.

Viboko wapo. Asiingie mtu majini kabla hatujaongea na wavuvi. Anayekuja aandike "nipo" kufikia Alhamisi jioni, nipange usafiri.