Usiitupe hiyo bodi

Wafula ndugu yangu,

Baridi ya Nakuru imekuacha ama bado unalehemu ukiwa na koti? Huku Kondele, Kisumu, ni jasho tu, na hiyo jasho ujue pia iko kwa hii stori.

Nimeona venye umeandika ati bodi ya MPR121, ile yenye chipu ya kuhisi mguso wa kidole, imekufa, ati kipedi ya namba ya mlango wa stoo yenye umechomeka kwa chaja inajibonyeza namba yenyewe usiku kama iko na majini. Usiitupe. Maiti haipigi kelele. Piga skana ya I2C kwanza, yaani programu ya kuuliza nani yuko kwa zile waya mbili chipu inaongea nazo na Arduino, ikijibu 0x5A iko hai, hiyo ndio adresi yake ya kawaida. Ikinyamaza ndio uniambie ulichomeka wapi, ju hiyo chipu mwisho wake ni 3.6V na kama bodi haina regyuleta ya kushusha volti na uliiweka kwa 5V ya Arduino Uno, pole sana, hapo hakuna dawa.

Lakini sidhani. Unakumbuka nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, niliahidi watoto wa dada yangu? Nyuzi ni 8, chipu iko na elektrodi 12, yaani sehemu za kuhisi mguso, nikaona hesabu imekubali na chenji inabaki. Nikaenda Kibuye kwa watu wa skrepu nikatoa waya ya kopa, nikaichuna nikaivuta juu ya mbao, kila uzi na noti yake, sauti inatokea kwa spika ya redio kuukuu. Jioni ya kwanza ililia poa hadi nikaita majirani. Kesho yake nimewasha tu uzi wa tatu na wa sita zinaimba zenyewe na hakuna mtu amezishika, nikabadilisha kodi ya programu, nikalaumu laibrari, ile kodi tayari ya kuongea na chipu, nikalehemu upya waya zote nane, nikalala saa nane usiku nimenuna kama bibi arusi aliyeachwa kanisani. Kumbe jana yake nilikuwa natumia pawabenki na siku hiyo nilichomeka chaja ya barabarani. Ni hivo tu. Siku mbili za maisha yangu zikaliwa na chaja.

Angalia venye chipu inafanya. Inasukuma stima kidogo sana kwa uzi kwa muda fulani halafu inapima volti imefika wapi. Kidole kikikaribia, mwili wako unaongeza kapasitansi, yaani uwezo wa uzi kubeba chaji, volti haifiki pale ilizoea kufika, namba inashuka. Na namba zenyewe ni za kutoka 0 hadi 1023, laibrari ya Adafruit ukiiacha venye ilivyo inasema umegusa namba ikienda 12 chini ya besilaini, yaani namba ya kawaida kama hakuna mtu ameshika. Kumi na mbili tu! Sasa chaja inayoyumbisha graundi nzima, ule waya wa sifuri wenye volti zote zinapimwa kutoka hapo, itashindwa aje kushusha kumi na mbili?

Kitu ingine, ukiwasha usiwe umeshika. Ile inasoma mwanzoni ndio inachukua kuwa hali ya kawaida, na yule mdogo wa dada alikuwa amekumbatia nyatiti nikiwasha, chipu ikadhani mikono yake ni sehemu ya mbao. Akaanza kulia ati ameiharibu. Weka mezani, washa, hesabu sekunde mbili, ndio uguse.

Halafu kwa picha yako nimeona waya umezifunga pamoja na tepu kama sukuma wiki ya soko. Hapo ukigusa 4 na 5 nayo inaitika, ju waya zikilala pamoja zinaambukizana. Hamisha bodi iende nyuma ya kipedi kabisa, waya za kugusa ziwe fupi na ziachane.

Najua utakimbilia kuongeza threshodi, ile 12 ya kuamua umegusa. Mimi sipendi hiyo, ni kama kuziba sikio ndio mtoto aache kulia. Printi filteredData (namba ya sasa) na baselineData (besilaini) kwa seriali, yaani zitokee kwa skrini ya kompyuta, mkono ukiwa mbali, halafu gusa uone inashuka ngapi. Ikishuka 40 hivi, weka 20 ulale. Pia pangusa kipedi, ju maji ama jasho ikiunganisha pedi mbili chipu inaona kidole kimoja kikubwa, hiyo mimi nimeijua na mikono yangu mwenyewe.

Ngoja nikuambie ile imenifurahisha. Kwa pawabenki mguso ulikuwa dhaifu kiasi, ju sakiti inaelea haijashikana na mtu. Sasa mpiga nyatiti si huvaa ile pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, oduong'o, anagonga nayo mbao? Nikabandika kopa pale pete inagonga nikaiunga kwa graundi. Wacha! Pete ikilala pale namba zinashuka vizuri kabisa, mwili wote umeingia kwa sakiti. Wazee walikuwa wameacha nafasi ya graundi bila kujua. Lakini hiyo ni ya betri peke yake, usijaribu na chaja, utasikia stima kidogo ikikutembelea mguuni.

Kwa mlango wako pete haihitajiki, labda wezi wa Nakuru wavae. Chomoa hiyo chaja leo, tumia pawabenki, unitumie zile namba za seriali za pedi zote 12, na za kabla hujagusa pia.

Ni mimi wako,
Owino