Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Theluji Nzito na Maandalizi Yetu

Ndugu wanachama,

Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mkutanoni. Taarifa yangu inahusu theluji nzito, kwa kuwa wengi wenu mnajiandaa kwenda kuteleza kwa skii Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani.

Niseko, eneo la kuteleza la huko, hupata karibu mita 15 za theluji kwa msimu. Hewa baridi na kavu kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana joto kuliko hewa hiyo, ikabeba mvuke na kuumwaga milimani. Theluji mbichi ya namna hiyo mara nyingi haifiki kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, ndiyo maana ukivua skii unazama hadi kiunoni.

Waliojifunzia kwenye kituo cha kuteleza cha Afriski kule Lesotho wamezoea njia zilizoshindiliwa. Skii yenye upana wa milimita 75 katikati inatosha huko. Kwenye unga, yaani theluji mbichi na laini, ukodi skii yenye upana wa milimita 100 hadi 115. Gawanya uzito sawa kwa miguu yote miwili, kwa sababu skii iliyoelemewa huzama peke yake na kukuangusha. Ikichomoka, anza kuitafuta juu ya pale uliposimama. Kwa kawaida imebaki nyuma, imefunikwa. Kwenye miti, toa mikono katika kamba za fimbo na usimpoteze mwenzako machoni. Chini ya matawi huwa na shimo la theluji isiyoshikana, na anayetumbukia kichwa chini hawezi kujitoa.

Linalonitia hofu zaidi ni poromoko la theluji. Sentimita 30 zikianguka kwa siku moja na upepo ukivuma, miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 huwa hatari. Msidharau kiwango cha 3 kati ya 5 cha hatari ya poromoko kwa kuwa kinaonekana cha kati: vifo vingi hutokea hapo. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri akitolewa ndani ya dakika kumi za mwanzo. Baada ya hapo nafasi hiyo hupungua kwa kasi. Helikopta haiwahi. Wanaowahi ni wenzake.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fedha za vifaa zinunue transiva, yaani vifaa vya redio vinavyotuma ishara unapoteleza na kuipokea unapomtafuta aliyefukiwa, kabla ya kitu kingine chochote. Katika mazoezi ya kutafuta transiva zilizofichwa ndani ya magunia ya majani, kinachovuruga zaidi ni simu mfukoni. Iwe angalau sentimita 20 kutoka kwenye transiva unapoteleza, na 50 unapotafuta. Kuizima ni bora zaidi. Mkifika karibu, shusheni transiva hadi usoni pa theluji, tafuteni namba ndogo kabisa ya umbali, kisha chomeni fimbo ya kupimia kwa mzunguko unaopanuka, sentimita 25 kati ya tundu na tundu, kwa pembe mraba na uso wa mteremko. Ikigusa mtu, iacheni palepale. Msichimbe juu yake: shukeni chini ya fimbo kiasi cha mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, mchimbe kuelekea kwake. Kuchimba ndiko kunakokula muda mwingi, na ndiko tunakofanyia mazoezi kidogo kuliko yote.

Mkirudi Nairobi toeni betri za transiva kabla ya kuzihifadhi, zisivujie ndani. Wenye mifuko ya hewa, ile inayojazwa gesi ili kumwelesha mtu juu ya poromoko, waulize shirika la ndege kuhusu mtungi wa gesi kabla ya kukata tiketi.

Mazoezi yajayo ni ya kuchimba. Kila mmoja aje na sepetu yake ya alumini, yenye mpini unaorefuka. Za plastiki huvunjika kwenye theluji iliyogandamana.

Mwenyekiti