Tuandikwe kwa peni: barua ya wazi kwa Kamishna wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani

Kwa Kamishna Cathy Engelbert,
WNBA, New York.

YAH: TAREHE ZA SEPTEMBA NA OKTOBA KATIKA KUMBI ZA TIMU MPYA

Mheshimiwa Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uniwie radhi kwa kuanza hivyo. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua za ofisini kwetu Tanzania, na mkono ukishazoea hausahau kwa sababu tu mwenyewe amepanda ndege.

Mimi ni mama wa makamo, naishi Oakland, California. Msimu wa 2025 nilikuwa miongoni mwa wale waliovaa zambarau na kuvuka ghuba kwenda San Francisco kuishangilia Golden State Valkyries, timu iliyokuwa katika mwaka wake wa kwanza. Hesabu unazo mezani: Chase Center ilijaa mechi zote 22 za nyumbani za msimu wa kawaida, watu 18,064 kila mara. Nilikuwa napanda treni ya BART hadi kituo cha Embarcadero, kisha naingia kwenye tramu ya Muni bila kutoa hata senti, maana tiketi ya mechi ndiyo nauli. Humo ndani unakuta mabibi, wajukuu, wauguzi waliotoka zamu, wote zambarau, wanaimba kabla hata mlango haujafungwa. Mashabiki waliubatiza ukumbi jina la Ballhalla. Kufika mwezi wa nane nilikuwa nawajua majirani zangu wa viti kwa majina, na bibi mmoja wa safu ya nyuma aliyekuwa akija na kengele ya ng'ombe alikuwa ameshaacha kuniomba radhi kwa kelele.

Kisha timu ikafanya jambo ambalo hakuna timu mpya ya ligi yako iliyowahi kulifanya: ikaingia mtoano katika msimu wake wa kwanza kabisa. Hapo ndipo tulipoambiwa tuhame.

Chase Center ilikuwa imeshatolewa kwa Laver Cup, mashindano ya tenisi ya wanaume ya tarehe 19 hadi 21 Septemba. Sisi mechi yetu na Minnesota Lynx ilikuwa tarehe 17. Kwa hiyo mechi ya kwanza ya mtoano ya nyumbani katika historia ya timu ilichezwa San Jose, ndani ya SAP Center, nyumba ya watu wa hoki ya barafu. Tulijibana watano kwenye gari la jirani, tukasota kwenye foleni ya barabara ya 880, tukafika wimbo wa taifa umeshaimbwa. Ukumbi ulijaa hata hivyo, watu wa San Jose sina neno nao. Tukaongoza kwa pointi 17, wakaturudi, tukafungwa 75 kwa 74, msimu ukaishia hapo. Siapi kwamba kwetu tungeshinda. Nilichokiona ni kwamba niligeuka nyuma kutafuta kengele, nikakuta kijana nisiyemjua anakula chipsi za mahindi.

Naomba nikusimulie kitu cha zamani kidogo. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nacheza kikapu, timu ya wanawake ya mji fulani mkoani. Ukumbi wenye paa ulikuwa mmoja tu. Jumamosi moja tulifika saa nane mchana, viatu mkononi, tukakuta viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, vijana wa mapambo wako juu ya ngazi wanafunga riboni za dhahabu kwenye ringi, na MC anajaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Ilikuwa sendofu ya binti wa mtu mzito. Msimamizi wa ukumbi hakuwa mtu mbaya. Alitufungulia daftari tuone wenyewe. Timu yetu ilikuwemo, imeandikwa kwa penseli. Sendofu ilikuwa imeandikwa juu yake, kwa peni ya bluu. Tukaenda kucheza nje, kwenye saruji iliyopasuka, na upepo ukawa unachukua kila mpira unaopigwa kwa mbali.

Kumbi kubwa za Marekani nazo zina penseli na peni, ila wameziita majina mengine. Tarehe hushikiliwa kwa foleni: huyu wa kwanza, yule wa pili. Akija wa pili na fedha mkononi, wa kwanza anaulizwa: unathibitisha au unaachia? Sasa timu ya kikapu itathibitishaje mechi ya tarehe 17 Septemba wakati bado haijulikani kama itavuka msimu wa kawaida? Mwenye tamasha anajua siku yake mwaka mzima kabla. Mwenye mtoano hajui mpaka wiki ya mwisho. Kwa mpangilio huo, mtoano utakuwa wa penseli daima, isipokuwa mtu mwenye mamlaka aamue vinginevyo. Mtu huyo ni wewe, ndiyo maana barua hii haikwenda kwa meneja wa ukumbi.

Tarehe 30 Juni 2025 ulitangaza timu tatu: Cleveland kuanza 2028, Detroit 2029, Philadelphia 2030, kila moja kwa ada ya dola milioni 250. Siku ile maswali mengi yalikuwa ya viti vingapi, vyumba vya mazoezi vya namna gani. Mimi niliposikia Detroit nilikumbuka jambo lingine.

Detroit walikuwa na timu ya ligi hii zamani, Shock. Walichukua ubingwa 2003, 2006 na 2008. Ule wa 2003 ulikamilika nyumbani, The Palace of Auburn Hills, mbele ya watu 22,076, na waliokuwepo wanausimulia hadi leo. Mwaka 2006 fainali dhidi ya Sacramento Monarchs ikafika mechi ya tano, ya mwisho, ya kufa na kupona, na Detroit ndio wenyeji. Palace haikuwa na nafasi. Usiku ule Mariah Carey alikuwa na tamasha. Mechi ya ubingwa ikasukumwa mjini, Joe Louis Arena, kwa watu wa hoki tena. Shock wakashinda 80 kwa 75. Mwaka 2008 wakachukua kombe tena, na mechi ya kulichukua ikachezwa Ypsilanti, kwenye ukumbi wa chuo kikuu cha Eastern Michigan. Yaani katika makombe matatu ya wanawake wale, mawili yalinyanyuliwa kwenye nyumba za kuazima. Baada ya msimu wa 2009 timu yenyewe ikahamishiwa Tulsa.

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu najua jibu litakalokuja. Utaambiwa hao wa zamani walikuwa wapangaji, lakini timu mpya zinamilikiwa na watu walewale wenye timu za NBA, basi nyumba ni yao. Mheshimiwa, Palace ilikuwa ya Bill Davidson, na Shock ilikuwa ya Bill Davidson. Chase Center ni ya Warriors, timu ya NBA, na Valkyries ni ya Warriors haohao. Ukumbi wa Madison Square Garden na timu ya New York Liberty walikuwa chini ya mlango mmoja mpaka mwaka 2018, timu ilipopelekwa White Plains, kwenye ukumbi wa kaunti, na watazamaji wakaporomoka hadi elfu mbili na ushei kwa mechi. Hakuna hata mmoja aliyetolewa na mwenye nyumba mgeni. Ni baba mwenyewe aliyewaambia mabinti zake wakalale kwa shangazi, kuna wageni wanaolipa. Liberty walipata pumzi kwa sababu tajiri Joe Tsai aliwanunua 2019 na kuwapeleka Barclays Center, Brooklyn. Oktoba 2024 walitwaa kombe humo humo, mbele ya watu wao.

Kwa hiyo umiliki hauwalindi. Kinacholinda ni maandishi. Ombi langu ni kwamba kabla Cleveland, Detroit na Philadelphia hazijacheza hata mechi moja, mkataba wa kila ukumbi useme wazi kuwa kuanzia mwanzo wa mtoano hadi siku ya mwisho ya fainali timu ya wanawake inasimama ya kwanza kwenye daftari, na haiondolewi bila saini ya ofisi yako. Timu ikitolewa mashindanoni, tarehe zinaachiwa saa hiyohiyo. Na ikitokea dharura ya kweli, moto au paa linavuja, basi ukumbi wa pili uwe umeshatajwa tangu mwanzo wa msimu, uwe mji uleule, treni au basi lifike, na aliyekuwa na kiti chake apewe kwanza. Sisi wa San Francisco habari za San Jose zilitufikia kama habari za msiba.

Jambo hili linazidi kuwa gumu, halipungui. Mmeongeza mechi za msimu wa kawaida zikafika 44, na fainali tangu 2025 ni ya kutafuta ushindi wa mechi nne kati ya saba. Mnaingia Oktoba. Little Caesars Arena ya Detroit ina Pistons wa kikapu na Red Wings wa hoki, na wote hao Oktoba wanarudi kazini. Philadelphia ni hivyohivyo, 76ers na Flyers chini ya paa moja. Wanaume hawa tarehe zao zinaandikwa kwa peni tangu kiangazi. Akina dada watabanwa katikati.

Mwenye ukumbi atasema kufunga tarehe kumi na kitu kwa timu ambayo huenda isifuzu ni kutupa fedha. Hoja ina uzito, sikatai. Timu mpya kwa kawaida hushika mkia. Lakini aliyetoa milioni 250 kuingia kwenye ligi yako amekwisha kukubali kutupa fedha nyingi kuliko usiku mchache usio na tamasha. Mweke sharti sasa, wakati bado anabisha hodi. Akishakaa sebuleni hatakusikiliza.

Kuhusu ukubwa wa kumbi nina neno moja tu, kwa sababu naona watu wanalikuza mno. Washington Mystics walihamia mwaka 2019 kwenye ukumbi wa viti 4,200, wakachekwa. Tarehe 19 Septemba 2024 walipocheza na Indiana Fever, walikwenda Capital One Arena wakaingiza watu 20,711, rekodi ya msimu wa kawaida. Viti unaweza kuazima kwa usiku mmoja. Ndiyo maana Toronto Tempo, timu mpya ya Kanada, walipochagua Coca-Cola Coliseum, ya viti elfu nane na zaidi kidogo, badala ya kwenda kujibanza moja kwa moja kwa Raptors, wanaume wa NBA wa mji huo, wenzangu waliguna, mimi nikatulia. Mwenye chumba kimoja na ufunguo wake halali nje.

Nitafurahi kupata majibu yako, hata kwa mistari miwili. Tiketi za msimu nimeshazilipia, kiti kilekile, mbele ya bibi wa kengele.

Wako katika mpira wa kikapu,
Mama wa Oakland, aliyekuwa mlinzi namba mbili, jezi namba 9.

Nakala:
Wamiliki wa timu za Cleveland, Detroit na Philadelphia – kwa utekelezaji.
Wasimamizi wa kumbi, popote walipo na madaftari yao – kwa taarifa.