Nimetangulia ziwani, mwanangu

Bukavu, Kadutu

Mwanangu mpenzi,

Ulipouliza kwenye simu kama watoto wanaweza kupelekwa ziwani likizo hii, nilikubali haraka mno, halafu usiku usingizi ukanikimbia. Mimi ni mtu wa mlimani. Ziwa Kivu nimelitazama kwa juu maisha yangu yote. Na tangu ile boti iliyotoka Minova izame mbele ya bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, watu wakiiona kutoka ufukoni, mama yako hataki hata kusikia habari za maji. Basi Jumamosi nilichukua sehemu ya pesa ulizotuma, nikakodi kano rapide, boti ya mwendo kasi, peke yangu, nijue kwanza ninawaitia nini wajukuu wangu.

Tuliondoka saa moja asubuhi, ziwa limetulia. Jile niliyopewa, lile koti la kuelea majini, ilikuwa imekatika kifungo kimoja, wameunganisha kwa kamba. Nikaikataa. Kijana wa boti alinuna kidogo, akaleta nyingine. Na wewe fanya hivyo, kwa kila mtoto, umkaze kwa mikono yako. Uzuri wa kukodi boti nzima ndio huo: hakuna magunia ya makala ya kupikia, hakuna kusongamana, na ukisema polepole, wanapunguza.

Shuleni tulifundishwa kwamba Bukavu ni mkono wa kijani uliochovywa ziwani, rasi tano kama vidole vitano. Nilikariri tu. Jumamosi nilipita kati ya kidole na kidole. Muhumba, Nguba, Labotte. Nyumba za enzi mji ulipoitwa Costermansville, zenye kona za mviringo, bustani zake zinashuka mpaka majini. Nyuma ya yote, bati za Kadutu, nyumba juu ya nyumba. Yetu sikuiona. Niliona korongo lililochimbwa na mvua, jekundu kama kidonda, na liko karibu na majirani zetu kuliko nilivyodhani. Hilo tutalizungumza ukifika.

Wavuvi walikuwa wanarudi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, wanaimba na kasia zinaitikia. Mwambie mdogo kwamba sambaza, vile visamaki anavyovipenda, ni wageni huku: zililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati uleule babu yako alipokuwa anabeba zege kwenye bwawa la umeme la mto Ruzizi.

Ndipo nikaomba tusogee kule Ruzizi inakoanzia. Huwezi kwenda mbali, Rwanda iko palepale. Kijana akazima mota. Mwanangu, maji pale yanaanza kutembea yenyewe, taratibu, kuelekea Tanganyika. Zamani sana, kabla volkano za Virunga hazijayazibia njia, yalikwenda kaskazini, upande wa Nile. Nilikaa kimya muda mrefu.

Lakini chupa za plastiki zilikuwa zinatupita, nyingi mno, zinakwenda kuziba bwawa alilolitolea jasho babu yako, sisi huku tukikaa gizani. Katikati yake nikaokota kandambili ya mtoto, ya kushoto, yenye urefu wa kiganja changu. Nimeiweka dirishani, sijui kwa nini siwezi kuitupa. Wajukuu wangu waione na hiyo pia, si nyumba nzuri tu.

Mama yako amesema atapanda, sharti ukae ubavuni pake. Leteni masweta, asubuhi kunakuwa na baridi kule katikati.

Ni mimi baba yako